Pongezi kwa Makatekista Wetu
Padre akiwa na vigango vingi, katekista ndiye anayebaki na watu. Jumapili huongoza Ibada ya Neno, katikati ya wiki hufundisha wakatekumeni, na msiba ukitokea utamwona anafika mapema, Biblia kwapani.

Nawapongeza hasa kwa jinsi wanavyowaleta manabii msibani. Mjane aliyekaa mkekani tangu juzi, chakula hakipiti kooni, hasomewi maonyo. Anasomewa habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19: nabii mzima, tena shujaa, aliyechoka hadi akaomba kufa, akalala chini ya mti. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu. Nimeona bakuli la uji likipokelewa baada ya somo hilo.

Kazi hii wengi huifanya kwa posho ndogo, wengine bila posho. Waumini wenzangu, tuwatunze makatekista wetu wakingali na nguvu za kutufikia.