Mahakama Mbili katika "Mzalendo Kimathi"

Asubuhi moja katika darasa la Kimana, Kilimanjaro ikiwa wazi dirishani kabla ya mawingu kuifunika, tulikuwa tukisoma tamthilia ya Mzalendo Kimathi. Kijana mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, ikiwa Kimathi alikuwa jemadari, mbona alishitakiwa kwa bastola moja?" Nimesoma maelezo mengi ya wahakiki juu ya kitabu hiki, walakini sijaona swali lililoingia ndani yake kama hilo.

Tamthilia hii iliandikwa kwa Kiingereza na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ikatoka mwaka 1976, kisha ikafasiriwa kwa Kiswahili. Katika onyesho la mahakama, hakimu Shaw Henderson asoma shitaka la kuchukua bastola bila ya idhini, na Kimathi anyamaza. Anapofungua kinywa hajibu shitaka, bali auliza ni kwa haki gani mgeni yule ameketi kumhukumu. Shitaka hilo si la kubuni. Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957, na kosa lililompeleka kitanzini lilikuwa silaha aliyokutwa nayo.

Sababu, msomaji, imo katika neno moja. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza "hali ya hatari", haikutangaza vita. Neno vita lina gharama yake, kwa kuwa askari aliyetekwa vitani hawezi kuadhibiwa kwa sababu tu alichukua bunduki. Mahali pasipo vita, mwenye bunduki ni mhalifu, na asiye na bunduki aweza kufungwa vilevile: Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa vitabu, aliwekwa katika kambi ya vizuizi hapa kwetu Kajiado bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 yataka wapiganaji wasio wa jeshi la dola wawe na mkuu anayewajibika kwa matendo yao, alama inayojulikana kwa mbali, silaha zisizofichwa, na heshima kwa sheria za vita. Wanafunzi wangu wa Kimaasai hawakuona ugeni wowote katika masharti hayo. Morani wa zamani alikuwa na olaiguenani wake, ngao yake ilikuwa na sirata zilizoonyesha yeye ni wa upande gani, na mkuki wake haukufichwa. Lakini masharti hayo yalitungwa kwa vita vya dola na dola. Wanaopigana ndani ya nchi moja waliwekewa kifungu cha 3 tu, ambacho chakataza kumtesa au kumwua aliyekwisha kushikwa, na chakataza kunyonga bila ya hukumu ya mahakama iliyowekwa kwa utaratibu. Kifungu hicho chazifunga pande zote mbili. Uingereza ilitia sahihi mwaka 1949, lakini haikuithibitisha mikataba hiyo mpaka Septemba 1957, miezi saba baada ya Kimathi kunyongwa. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 ndiyo iliyovihesabu vita vya kupinga ukoloni kuwa vita vya mataifa. Tamthilia ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Kwa hiyo waandishi wana haki wanapoidharau mahakama ya Nyeri. Henderson wao ni hakimu kortini na mshawishi katika chumba cha gereza, mtu mmoja kwa kazi mbili, na mzaha huo wachoma. Lakini katika kitabu hiki mna mahakama ya pili, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Msituni Kimathi mwenyewe aketi kuhukumu. Waletwa mbele yake askari wa Kiingereza waliotekwa na Mwafrika aliyewatumikia, kisha waletwa watu wake mwenyewe, hata ndugu yake. Hapa waandishi, waliokuwa wakali sana Nyeri, wanakuwa wapole. Hawaulizi mateka atetewe na nani. Huruma ya Kimathi kwa ndugu yake ndiyo inayoonyeshwa kama udhaifu, na haki ya mateka haipewi sauti.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba msitu hauna mawakili wala maktaba. Ni kweli, na kifungu cha 3 kiliandikwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Tena kumbukumbu za kesi ya kweli, zilizochapishwa mwaka 2017, zatuonyesha Kimathi mwenye wakili, akikana shitaka na kusema alikuwa akija kujisalimisha. Mtu huyo ni mdogo kuliko shujaa wa tamthilia, nami naona ni mgumu zaidi kumwandika. Waandishi walichagua shujaa, wakapata onyesho moja kubwa la Nyeri na wakapunguza uzito wa lile la msituni.

Tulipogawa sehemu za kuigiza, kijana aliyeuliza juu ya bastola aliomba awe Kimathi wa kortini. Nilipompa na sehemu ya msituni aliisoma mara mbili kimya, akanirudishia kitabu, akasema angependa kuwa yule askari aliyetekwa, ikiwa ataruhusiwa kumwongezea maneno.