Fram Ilivyopakia Mbwa 97

Meli ya Fram ilipong'oa nanga Kristiansand, Norway, mwezi Agosti 1910, mabaharia wake walikuwa na swali lisilo na wa kulijibu. Kiongozi wa msafara, Roald Amundsen, alikwisha kutangaza kwamba wanakwenda Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, kwa kuizunguka Amerika ya Kusini na kupandia upande wa Alaska. Sasa hao mbwa 97 wa Greenland ni wa nini? Kwa nini wavushwe joto la ikweta mara mbili, ilhali Alaska kwenyewe mbwa wamejaa? Jibu lilitolewa Madeira mwezi uliofuata: safari ni ya Ncha ya Kusini. Aliyejua kusoma shehena angeligundua mapema.

Uamuzi wa kuchukua mbwa ndio ulioongoza upakiaji wote. Mshindani wa Amundsen, Mwingereza Robert Falcon Scott, alibeba farasi wadogo 19, mbwa 33 na magari 3 ya injini. Farasi anakula majani, na Antaktika haina jani la kumlisha, kwa hiyo kila tonge lake lazima litoke melini. Isitoshe, farasi hutoka jasho mwili mzima na jasho hilo humgandia ngozini. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, tena anakula nyama, na pwani ya Antaktika ina sili wengi. Walipofika huko, watu wa Amundsen waliweka akiba ya nyama ya sili ipatayo tani 60 kabla ya majira ya giza, yaani miezi ya baridi isiyo na jua. Yaani sehemu kubwa ya chakula cha mbwa haikupakiwa kabisa. Ilikuwa ikiwasubiri mbele ya safari. Huo ndio ufundi ninaouheshimu zaidi katika kisa hiki, na hauonekani kwenye picha yoyote ya mizigo.

Melini palikuwa na kazi nyingine. Juu ya sitaha waliinua sakafu ya pili ya mbao, iliyoachiwa nafasi chini yake ili maji ya bahari na uchafu vipite bila kuwalowesha wanyama. Mbao zilikatwa vipande vya kung'olewa na kusafishwa, na turubai likatandazwa juu kuzuia jua. Kila mtu akakabidhiwa mbwa wake, kama kumi hivi, awajue kwa jina na tabia. Walilishwa samaki mkavu, na siku nyingine uji mzito uliochemshwa kwa samaki huyo, mafuta ya wanyama na unga wa mahindi, chakula ambacho mbwa wa Mwanza aliyezoea ugali na dagaa asingekishangaa. Meli ilitia nanga Ghuba ya Nyangumi, Antaktika, Januari 1911 ikiwa na mbwa 116, kwa kuwa wengine walizaliwa njiani. Shehena iliyoongezeka baharini si jambo la kila siku.

Hesabu ngumu zilianzia barafuni. Mgawo wa mbwa mmoja safarini ulikuwa nusu kilo ya pemikani kwa siku, yaani nyama iliyokaushwa, ikasagwa na kuchanganywa na mafuta. Kundi la mbwa 52 basi linamaliza kilo 26 kila siku. Sleji moja, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji, ilianza safari na mzigo wa kilo 400. Gawanya: hata sleji nzima ikijazwa pemikani tupu, mbwa hao wanaifuta kwa siku kama 15. Kwenda na kurudi ni zaidi ya miezi mitatu. Kwa njia hiyo hakuna anayefika.

Amundsen alilipunguza tatizo hilo kwa pande kadhaa. Kabla ya giza alitanguliza takriban tani 3 za vyakula na mafuta ya taa kwenye vituo vitatu, latitudo za nyuzi 80, 81 na 82 kusini. Kituo cha kwanza kiliwekewa mstari wa bendera zenye namba, zilizokatiza njia kulia na kushoto, ili anayepotea ajue yuko upande gani. Bendera zilipopungua, walisimamisha samaki wakavu thelujini kuonyesha njia: alama ambayo ikibidi inaliwa. Wakati wa giza mmoja wa watu wake, Olav Bjaaland, alizichonga sleji upya hadi zikapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na mwenzake Jørgen Stubberud akayapunguza kwa randa masanduku ya chakula.

Masanduku hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Yalikuwa na mfuniko mdogo juu, hivyo chakula cha jioni kilitolewa bila kufungua kamba za mzigo mzima. Mwenye vidole vilivyokufa ganzi anajua thamani yake. Hjalmar Johansen ndiye aliyeyapanga: biskuti zikahesabiwa moja moja, na mianya kati ya vipande vya pemikani ikajazwa unga wa maziwa uliotiwa kwenye vifuko vyembamba. Mpangaji huyo mwenyewe hakuiona Ncha. Alimkosoa Amundsen hadharani baada ya jaribio la Septemba 1911, lililovunjwa na baridi ya zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, akaondolewa kwenye kikosi.

Upande wa mwisho wa hesabu ni mbwa wenyewe. Walioondoka Oktoba na watu watano walikuwa 52. Waliopanda mto wa barafu wa Axel Heiberg hadi uwanda wa juu ni 42, na hapo 24 walipigwa risasi, kama ilivyopangwa kabla hawajaondoka kambini. Nyama ililiwa na mbwa waliosalia na watu pia. Ncha ilifikiwa 14 Desemba 1911, na tarehe 25 Januari 1912 watu wote watano walirejea kambini wazima wakiwa na mbwa 11.

Kwa kazi ya usafirishaji, simpati wa kumlinganisha na Amundsen. Msomaji unayefungasha kwa ajili ya safari na mbwa wako, chukua kwake sakafu kavu, mtunzaji mmoja anayemjua mnyama na sanduku lenye mfuniko juu. Hesabu ya nyama mwachie mwenyewe.