Steringi Anapokufa

Kwenye vibanda vya video tulivyokulia palikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto aliyeingia kwa kupenya chini ya turubai aliijua: steringi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka kutoka ghorofani, atazama mtoni, lakini mwishoni atainuka na kujikung'uta vumbi. Ukishajua steringi ni nani, unakula karanga zako kwa amani.

Alfred Hitchcock aliichana sheria hiyo mwaka 1960. Katika Psycho, nyota ni Janet Leigh. Kamera haimwachi. Yeye ndiye aliyeiba dola 40,000 kazini na kutoroka nazo kwa gari, na sisi tumekaa naye humo garini tukiogopa polisi pamoja naye. Filamu haijafika hata nusu, anauawa akioga. Tukio hilo la bafuni limeandikwa sana: siku saba za kupiga picha kwa kitu kisichofika dakika moja, sharubati ya chokoleti badala ya damu kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, vinanda vya nyuzi vya Bernard Herrmann vikipiga mayowe. Yote kweli. Kwangu mimi, ustadi mkubwa zaidi unakuja baada ya hapo. Norman Bates, mwenye moteli alimouawa nyota huyo, analisukuma gari lenye maiti kwenye kinamasi. Linazama, linazama, halafu linakwama. Mara ya kwanza kuiona nilijikuta nimeshika pumzi, naomba lizame! Hitchcock alikuwa ameniulia steringi wangu, na kabla sijamaliza kumlilia ameshaniwekea mwingine, tena huyu wa kufuta damu.

Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu cha filamu za kutisha. Kumrusha mtu kitini si kazi. Paka akitupwa dirishani kwa kishindo kila mtu ataruka. Filamu ninazozirudia humfundisha mtazamaji kanuni, humwacha aizoee hadi aitegemee, ndipo zinamnyang'anya.

Chukua Jaws, ya mwaka 1975. Kila shabiki anajua kwamba papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, na upigaji picha uliopangiwa siku 55 ukaenda hadi 159. Steven Spielberg akabaki na filamu ya papa isiyo na papa. Pengo hilo lilizibwa kwa muziki. John Williams alipompigia kwenye piano zile noti mbili, mwongozaji alicheka akidhani ni utani. Noti mbili tu, zinazorudiwa na kuongeza kasi. Lakini angalia jinsi zilivyotumika, maana hapa ndipo penye siri: muziki ule hausemi uongo. Ukisikika, papa yupo. Katikati ya filamu pezi linakata maji, watu wanakimbia wakikanyagana, na muziki kimya. Baadaye inagundulika ni watoto wawili waliobeba pezi la bandia. Mtazamaji makini alishajua. Mara baada ya hapo noti zinaanza upande wa pili, kwenye maji yaliyotulia, na papa ni papa kweli.

Sasa tumefuzu somo. Tunastarehe kama mvuvi anayeujua upepo. Ndipo mkuu wa polisi, Brody, anapokaa nyuma ya mashua akitupa vipande vya samaki baharini, akinung'unika, na kichwa chote cha papa kinaibuka nyuma yake bila noti hata moja. Filamu imetukosesha mlinzi wetu. (Nimewahi kuliona tukio hili kibandani, mtafsiri akiongea juu yake mwanzo hadi mwisho, kwa ufundi wa kuchekesha mno, na hakuna aliyeshtuka. Kimya ni sehemu ya mtambo. Ukikijaza, mtambo haufanyi kazi.)

Spielberg mwenyewe aligundua gharama ya kamari hii. Baada ya maonyesho ya majaribio alitamani mayowe mengine, akapiga tukio la ziada la kichwa cha maiti kinachochomoza kwenye tundu la mashua iliyozama, tena ndani ya bwawa la kuogelea la mhariri wake, Verna Fields. Mayowe aliyapata. Lakini amesimulia kwamba tangu hapo papa alipoibuka, watu walipiga kelele kidogo kuliko awali, kwani filamu ilikuwa imewatisha mara moja na sasa walijilinda.

Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, haikuwa na fedha za kuharibu mitambo. Iligharimu kama dola 300,000. Majani makavu ya vuli yalipakwa rangi, yakamwagwa mitaani, yakaokotwa na kumwagwa tena mtaa unaofuata, kwa kuwa huko California yalikuwa majira ya machipuo. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha Kapteni Kirk wa Star Trek, cha bei isiyofika dola mbili, kilichopuliziwa rangi nyeupe. Mambo haya yanafurahisha kusimulia, lakini siyo yanayotisha.

Kinachotisha ni kamera. Filamu inafunguka kwa dakika kadhaa tukiona kwa macho ya mtu: anaizunguka nyumba, anachukua kisu jikoni, anapanda ngazi, anaua. Kinyago kinapovuliwa, ni mtoto wa miaka sita. Somo limeingia: kamera inayoelea polepole ina mtu ndani yake. Kuanzia hapo Carpenter hahitaji kumwonyesha muuaji. Laurie, aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis, binti wa Janet Leigh yuleyule wa bafuni, anatembea mchana kweupe akitoka shule, kamera inateleza nyuma yake, nasi mgongo unasisimka. Wakati mwingine muuaji yupo kweli. Wakati mwingine ni kamera tu. Hatuambiwi.

Mpiga picha wa Carpenter, Dean Cundey, alitumia fremu pana sana, na pembeni pakabaki patupu. Macho hayapumziki, yanapekua ua wa miti, dirisha, pembe ya chumba. Kisha, Laurie akiwa ameegemea ukuta analia, mlango wa giza ulio kando yake unaanza kutoa sura nyeupe, taratibu, kwa taa ndogo iliyopandishwa mwanga kidogo kidogo. Hakuna anayeruka wala kinachoanguka. Giza lenyewe linageuka kuwa uso.

Muziki nao umepinda. Nyimbo nyingi tulizozizoea huhesabika kwa mapigo manne. Huu una matano, mdundo ambao Carpenter alifundishwa na baba yake kwa ngoma za bongo. Mwili unadhani mzunguko umeisha, kumbe bado pigo moja.

Ringu, ya Mjapani Hideo Nakata, ya mwaka 1998, inavunja kanuni ya zamani kuliko sinema. Duniani kote tunajua: maiti aliyetupwa akipatikana na kusitiriwa, roho yake inatulia. Mwandishi wa habari Reiko na mwenzake Ryuji wameitazama kanda ya video yenye laana ya Sadako, msichana aliyetupwa kisimani, inayomuua kila aliyeitazama. Reiko anaipata mifupa ya Sadako kisimani, anaikumbatia, na sisi tunavuta pumzi. Kesho yake televisheni ya Ryuji inajiwasha. Sadako anatoka kisimani kwa mwendo usio wa binadamu, maana mwigizaji alitembea kinyumenyume na picha ikageuzwa, kisha anavuka kioo na kuingia sebuleni. Ryuji anakufa. Reiko anapona, na inamchukua muda kuelewa tofauti yao: yeye aliinakili ile kanda na kumwonyesha mtu mwingine.

Kanda niliyoitazama mimi niliazimwa na rafiki. Ilikuwa ya kunakiliwa.