Simba Hasukumwi

Februari 2011, ndege ya mizigo ilitua Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani, ikiwa imebeba simba 25. Walitoka kwenye sarakasi za Bolivia, nchi iliyopiga marufuku matumizi ya wanyama katika sarakasi mwaka 2009. Shirika la Animal Defenders International liliwakusanya, na The Wild Animal Sanctuary, makazi ya wanyama yaliyoanzishwa na Pat Craig mwaka 1980, yakawapokea. Habari ya mjini ilikuwa ndege. Mimi navutiwa zaidi na sanduku.

Sanduku la kusafirishia simba ni imara na jembamba, lina matundu ya hewa na mlango unaoshushwa kutoka juu. Humtosha kusimama na kulala, wala halimpi nafasi ya kujirusha. Kumtia humo kwa sindano ya usingizi ni rahisi, ila mnyama aliyelewa dawa anaweza kutapika akapaliwa, na angani nani atamfikia? Basi pakiwa na muda, watunzaji humfundisha aingie mwenyewe.

Sanduku huunganishwa na kizimba, mlango ukafungwa juu kabisa kwa mnyororo. Nyama huwekwa kizingitini. Kesho yake husogezwa ndani kiasi cha kiganja. Simba hujivuta: kichwa ndani, mabega ndani, miguu ya nyuma imeng'ang'ania nje, anadaka pande lake na kurudi kinyumenyume kwenda kulila mbali. Mtunzaji amesimama pembeni na ndoo yake, hata kukohoa hakohoi. Hilo huendelea mpaka siku simba anapolala mle mle, anakula, kisha analamba kiganja chake bila wasiwasi. Hapo mlango huteremshwa kidogo tu, ukapandishwa tena, akapewa nyama. Mwenye pupa akiubwaga mlango ukambana mkia, ameharibu kazi ya wiki nzima.

Huko waendako, subira huanza upya. Simba aliyekulia kwenye gari la sarakasi huenda hajawahi kukanyaga majani. Mwingine huyagusa kwa mguu mmoja na kuurudisha haraka. Wageni wawili hawachanganywi siku ya kwanza. Huwekwa pande mbili za wavu, na mtu wa kuwatazama. Wakija kusuguana mashavu kwenye nyaya, ni dalili njema. Mmoja akikodoa macho na kulaza masikio, wavu unabaki. Na hata wakishazoeana, wakati wa kula kila mmoja hutengwa na mwenzake.

Craig naye aligundua kwamba wanyama hawa hawasumbuliwi sana na watu walio juu yao, kana kwamba mpaka wao ni wa ardhini tu. Akajenga daraja la wageni juu ya maboma, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Kwa maoni yangu hakuna uzio uliobuniwa kwa akili kuliko huo.

Msomaji wa huku kwetu atauliza: kwa nini wasiletwe Afrika, wakaachiwa porini? George Adamson, mlezi wa simba, alijaribu kitu cha namna hiyo kule Kora, Kenya. Mwaka 1970 alianza kumzoesha pori Christian, simba aliyenunuliwa dukani London. Huyo alikuwa kijana, meno na makucha kamili, na bado simba wenyeji walimpa taabu. Mwaka uliofuata Boy, simba mwingine wa Adamson aliyezoea watu, alimuua mmoja wa wasaidizi wake, na mzee akalazimika kumpiga risasi. Sasa chukua mkongwe wa sarakasi: chonge zimevunjika, makucha yamekatwa pamoja na mfupa wa ncha ya kidole, na mtu kwake ndiye chakula kinakotoka. Porini hana maisha.

Kwa hiyo atalishwa, atatibiwa meno, ataoteshwa moto Colorado inapoganda. Simba aliyefungwa anaweza kukaribia miaka 20, na anayempokea akiwa na mitatu anaagiza nyama ya miaka yote iliyobaki.