Ahadi ni Deni: Uhakiki wa Sera ya Utamaduni na Urithi ya Kenya Ukitazamwa Kutoka Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilitoa Sera ya Taifa ya Utamaduni na Urithi. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilitangazwa rasmi, na Ibara yake ya 11 ikautambua utamaduni kuwa ndio msingi wa taifa. Mwanasheria huyasoma maandiko haya mawili kwa namna yake, na mchumi vivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kuyasoma kama matini, yaani kuchunguza namna ahadi ilivyojengwa kwa maneno, na kisha kuipima ahadi hiyo katika miji miwili ya magharibi ya Kenya, Kitale na Bungoma.

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hii husikika mara nyingi majukwaani, na mara nyingi hutamkwa na yule yule anayeahidi, kana kwamba kuitamka ni sehemu ya malipo. Lakini deni, katika matumizi ya kawaida ya neno hilo, lina mambo manne: mdaiwa, mdai, kiasi na siku ya kulipa. Likikosekana mojawapo, deni hugeuka kuwa tumaini tu. Mambo hayo manne ndiyo yatakayokuwa kipimo cha uhakiki huu, baada ya kuitazama kwanza lugha yenyewe ya ahadi.

2. Lugha ya Ahadi

Sera ya 2009 iliandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa msomaji wa ofisini, lakini ni kubwa kwa mzee wa Kimilili au wa Endebess ambaye lugha yake, ngoma yake na miiko yake vimo ndani ya maelezo ya sera hiyo. Mdai asiyeweza kuisoma hati ya deni hawezi kuidai. Tena Ibara ya 7 ya Katiba inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, na inaitaka dola ikuze matumizi ya lugha za asili. Ahadi ya kuzitunza lugha imetolewa katika lugha ambayo wengi wa wenye lugha hizo hawaitumii nyumbani.

Hata kama sera hiyo ingefasiriwa, tatizo la pili lingebaki. Sentensi zake hujengwa juu ya kiima kimoja, yaani Serikali, pamoja na kitenzi kisaidizi ambacho katika Kiingereza cha sheria hubeba wajibu. Mfasiri wa Kiswahili ana njia mbili mbele yake. Akiandika “Serikali itahakikisha”, kiambishi -ta- kitamwachia msomaji wakati ujao peke yake: mvua itanyesha, Serikali itahakikisha. Akiandika “ni wajibu wa Serikali kuhakikisha”, wajibu utaonekana. Tofauti kati ya utabiri na wajibu, ambayo Kiingereza cha sheria huificha katika neno moja, Kiswahili humlazimisha mwandishi aichague. Hiyo ni sababu nzuri ya kuandika sera kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa kuwa lugha yenyewe ingewauliza waandishi swali wanalolikwepa.

Yafaa pia kutazama vitenzi vyenyewe. Katika maandishi ya namna hii, vitenzi vinavyotawala ni kukuza, kuhimiza, kuendeleza, kutambua na kuwezesha. Hivi ni vitenzi visivyo na mwisho. Mtu aliyeahidi kujenga huulizwa nyumba iko wapi. Aliyeahidi kusajili huulizwa daftari liko wapi. Aliyeahidi kuhimiza hakosi jibu kamwe, kwa kuwa hotuba moja yatosha kuwa himizo. Mhakiki wa fasihi amezoea kutazama kitenzi kinamfanya nani atende nini; hapa kazi hiyo hiyo inakuwa na faida ya kiraia.

3. Mdaiwa

Kitale ni mahali pazuri pa kuuliza ni nani hasa anayedaiwa. Makumbusho ya Kitale yana historia ndefu kuliko sera. Hugh Stoneham, mwanajeshi mstaafu wa Kiingereza aliyependa elimu ya viumbe, alifungua makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliyaacha makusanyo yake, wakiwamo wadudu wengi na vitabu, kwa taifa. Mwezi Desemba 1974 makumbusho ya Kitale yalifunguliwa upya, yakawa ya kwanza kustawishwa na Makumbusho ya Taifa katika bara la nchi, mbali na Nairobi na pwani. Baadaye yaliongezwa vifaa vya jamii za eneo hilo na mifano ya nyumba zao. Kwa hiyo kiini cha taasisi hiyo ni udadisi wa mlowezi mmoja, na tamaduni za wenyeji ziliingia baadaye. Si kosa la walioirithi. Lakini sera iliyoahidi kuufanya utamaduni wa wananchi kuwa msingi ilipaswa kueleza ni nani atakayeugeuza mpangilio huo, na kwa fedha zipi.

Baada ya Katiba, jibu limekuwa gumu zaidi. Jedwali la Nne linaiachia Serikali ya taifa majengo na mahali pa kale penye umuhimu wa kitaifa, na linazipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Hata hivyo Makumbusho ya Kitale yamebaki chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006. Mwananchi wa Trans Nzoia akiuliza kwa nini lugha yake haisikiki ndani ya jengo hilo, kaunti yaweza kumwelekeza Nairobi, na Nairobi ikamrudisha kwenye kaunti. Mdaiwa wawili wanapoelekezeana kidole, mdai hulala njaa.

Mpaka wa kaunti nao huongeza utata. Wabukusu na Wasabaot wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru watu wa makabila mengi walikuja kukaa huko. Ndiyo maana Kiswahili kina nguvu sana Kitale, na shuleni ndicho kinachofaa kuwa lugha ya mahali pale. Utamaduni haukugawanyika kwa kufuata mistari ya ramani, ila bajeti imegawanyika.

4. Kiasi

Deni la utamaduni hupimwa kwa nini? Katika ripoti za ofisi, kipimo rahisi ni tamasha: idadi ya vikundi, idadi ya wageni, jina la mgeni wa heshima. Kipimo hiki hakikosi maana kwa sanaa fulani. Ngoma ya kamabeka ya Wabukusu huchezwa vizuri uwanjani, na mpigaji litungu huweza kualikwa jukwaani. Tohara ya Wabukusu nayo ina kalenda yake, mwezi wa Agosti wa kila mwaka usiogawika kuwa witiri, na viongozi wanajua siku ya kufika.

Lakini ipo sanaa isiyokubali kipimo hicho. Khuswala kumuse ni utendaji wa maneno unaofanywa baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi. Omuswali husimama mbele ya halaiki katika uwanja wa wazi, akatembea huku akisimulia asili ya watu, uhamaji wao, koo na rika zao, akawaonya walio hai kwa mambo ya waliotangulia. Kazi hiyo haifanywi na kila mtu, wala haifanywi kwa kila maiti. Haiwezi kuwekwa katika ratiba ya tamasha, kwa sababu haina mahali pasipo kifo cha mtu wa aina ile. Ikihamishiwa jukwaani inabaki sauti, lakini haibaki kumuse. Kwa msomi wa fasihi simulizi, haya ndiyo matini makubwa ya eneo hilo: historia, nasaba na falsafa katika kinywa kimoja. Kwa daftari la matamasha, hayapo kabisa. Kaunti yaweza kutimiza malengo yake yote ya mwaka huku omuswali wa mwisho wa ukoo fulani akizikwa bila mrithi.

Mfano wa pili ni wa kumbukumbu. Juu ya mji wa Webuye kuna Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu waliokuwa ngomeni walipigana na jeshi la Waingereza lililoandamana na Hobley. Kimilili ni nyumbani kwa Elijah Masinde, aliyeanzisha Dini ya Musambwa. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, watu 11 wakauawa. Dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huo huo, na Masinde akahamishiwa Lamu. Ilikubaliwa kisheria mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, safari hii na Serikali ya wananchi wenyewe. Masinde alifariki mwaka 1987. Serikali inapoahidi kuutunza urithi wa magharibi, inaahidi kutunza pia kumbukumbu ambayo yenyewe iliwahi kuizima. Kujenga kaburi na kuweka bamba la maandishi ni rahisi. Kuandika katika bamba hilo mwaka 1968 pamoja na mwaka 1948 ndiko kulipa.

5. Siku ya Kulipa

Katiba yenyewe inatoa funzo kuhusu siku. Ibara ya 11(3) ililitaka Bunge litunge sheria ya kuzihakikishia jamii malipo kwa matumizi ya tamaduni zao, na Jedwali la Tano likaweka muda wa miaka 5. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ilipatikana mwaka 2016. Ilichelewa kwa mwaka mmoja, lakini ilikuja, kwa kuwa siku ilitajwa. Ibara ya 7 inayohusu kukuza lugha za asili haikuwekewa siku katika jedwali hilo, na mzigo wake umebaki ukisukumwa mbele. Ahadi mbili za hati moja zilipata bahati tofauti kwa sababu ya tarakimu moja.

Hata hivyo kutunga sheria ni kuandika hati mpya ya deni. Sheria ya 2016 inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la maarifa na sanaa za jadi za wananchi wao. Hapa pana kitenzi chenye mwisho. Kwa hiyo swali la haki la kuuliza Bungoma na Kitale ni jepesi: daftari liko wapi, nani ameandikwa humo, kwa lugha gani, na madaftari ya kaunti hizi mbili yanapatanaje juu ya jamii iliyo pande zote mbili?

6. Mdai

Yapo maoni kwamba kudai mambo ya utamaduni ni anasa wakati zahanati hazina dawa. Hoja hii ina uzito, na mhakiki asiipuuze. Lakini mengi yanayodaiwa hapa hayahitaji mali nyingi: kufasiri sera, kuandika daftari, kutaja ofisi na mwaka. Tena si kweli kwamba utamaduni husimama mbali na riziki. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau, na miongoni mwa haki hizo ni haki ya utamaduni. Juni 2022 iliamuru walipwe fidia. Mwaka huo huo wa 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba ardhi ya Chepkitale, katika Mlima Elgon, ni ya jamii ya Waogiek wanaoishi huko. Katika mashauri haya asali, msitu, ibada na ardhi havikutenganishwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba wadai walishinda kwa kushika hati zenye nguvu ya sheria. Sera ya 2009, kwa namna ilivyoandikwa, isingewafikisha mbali.

Si kila mwananchi atakwenda mahakamani. Ila Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinampa haki ya kuuliza ofisi ya umma na kujibiwa, na mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila miaka 5 hauwezi kupitishwa bila wananchi kushirikishwa. Hapo ndipo mahali pa kugeuza “kukuza” kuwa “kusajili”, na “kuhimiza” kuwa “kuchapisha”.

7. Tamati

Uhakiki huu umeonyesha kwamba udhaifu wa sera ya utamaduni huanzia katika sarufi yake. Mdaiwa ametajwa kwa jina pana mno, kiasi kimepimwa kwa matamasha, siku haikuwekwa, na mdai hakuandikiwa kwa lugha yake. Marekebisho yoyote yajayo hayana budi kuandikwa kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, na muhtasari wake upatikane kwa Lubukusu, Kisabaot na lugha nyingine. Kila kifungu kitaje ofisi, kazi na mwaka.

Linabaki jambo moja ambalo wasomi wa lugha hawawezi kulikwepa. Tangu miaka ya 1970 wanafunzi wa fasihi simulizi wamekuwa wakitumwa vijijini kurekodi wazee, nao wazee wamewapa maneno yao bila kudai malipo. Kanda na tasnifu zilizotokana na kazi hiyo zimo katika makabati ya vyuo vikuu, na si rahisi kwa wajukuu wa waliorekodiwa kuzifikia. Idara inayoidai Serikali daftari yafaa kwanza ifungue makabati yake, iorodheshe ilichochukua Bungoma na Kitale, na irudishe nakala. Dawa ya deni ni kulipa, na mdai aliye safi husikilizwa upesi.