Mtazame Fundi Kabla Hajashika Koleo

Gari la miaka ishirini likipiga king'ora usiku wa manane pasipo mwizi, na asubuhi starta ikaishia kusema "tik", fundi umeme asiye na subira atakwambia ununue betri. Huenda akapatia. Lakini umeme wa gari kuukuu huharibikia zaidi kwenye viungo: kichwa cha betri kimeota unga mweupe, waya wa hasi umeshika kutu pale unapofungwa kwenye bodi, swichi ya boneti imeliwa na unyevu hadi alamu inaamini boneti limefunguliwa. Kwa hiyo fundi wa kweli hutambulika kwa jambo moja: hupima kiungo kikiwa kazini kabla ya kulaumu kifaa chochote.

Hapo kwenye "kikiwa kazini" ndipo wengi huanguka. Waya uliobakiza nyuzi mbili ndani ya plastiki huonyesha volti 12 kamili, maana mita yenyewe haivuti umeme wa kutajika. Starta ikiuvuta, unaishiwa nguvu. Anayejua kazi huweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha humwambia mtu apige starta. Mita ikipita nusu volti, ugonjwa uko njia ya hasi, na betri mpya ingekuwa hasara tupu. Betri nzima iliyojaa, gari likilala usiku kucha, husoma karibu 12.6; injini ikiunguruma, hupanda kati ya 13.8 na 14.5. Umeme unaovuja nao hupimwa kwa kuunganisha mita katikati ya njia ya hasi, milango imefungwa, na kungoja vifaa vitulie. Namba ikibaki juu ya miliampia 50, huchomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Si jambo dogo: nusu ampia inayovuja humaliza betri ya ampia-saa 45 ndani ya siku nne.

Watu husema huo ni mzunguko mrefu, mbona wengine hubadilisha kifaa na gari likaondoka? Linaondoka, naam, mara nyingi kwa sababu kufungua na kukaza vichwa vya betri kumekwangua kutu bila fundi kujua. Kutu ikirudi, lawama huhamia kwenye alteneta. Wengine hushauri alamu ing'olewe tu. Nyingi zilizofungwa baadaye zimekata waya wa starta au wa swichi na kuupitisha kwenye rilei. Ukiing'oa bila kuuunga upya, gari haliwaki. Basi kagua maungio: yamechomwa kwa solda na kuvishwa mpira, au yamesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu itakayobanduliwa na joto? Mwisho angalia sanduku la fyuzi. Ya ampia 10 ni nyekundu, ya 20 ni njano. Anayeweka ya njano mahali pa nyekundu ili "isikatike tena" anangoja waya uungue badala yake. Chukua funguo zako.