Kitereza, Mtu wa Misheni Asiyehubiri

Waandishi wengi wa habari za imani na familia huanza na jibu mkononi. Tangu ukurasa wa kwanza wanajua kwamba mlevi ataokoka, binti aliyetoroka atarudi nyumbani akilia, na padre atasema neno la mwisho. Hapa Elerai, jijini Arusha, vijana wa kanisani hunipa miswada yao niipitie, na mingi ina mwendo huohuo: mahubiri yaliyovikwa nguo za hadithi. Siwalaumu, maana ndivyo walivyofundishwa kwamba mwandishi Mkatoliki huandika. Ninapowarudishia madaftari yao huwaambia wamtafute kwanza mzee mmoja wa Ukerewe, wakae naye, wasiwe na haraka.

Mzee huyo ni Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria, katika ukoo wenye nasaba na watawala wa kisiwa. Akiwa bado mtoto alipelekwa misheni ya Kagunguli kwa Mapadre Weupe, akabatizwa, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikosoma Kilatini na lugha nyingine za wageni. Hakufika upadre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto waliojaliwa kuwapata walifariki wangali wadogo, nyumba ikabaki ya watu wawili. Katika jamii ambayo mwanamume asiye na mtoto hupewa na kila mpita njia ushauri wa kuongeza mke, Kitereza alibaki na Anna wake. Aliishi karibu na misheni, akaifanyia kazi, akakusanya mila na masimulizi ya Wakerewe. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, ndiye aliyemtia moyo aandike. Mwaka 1945 akakamilisha mswada mkubwa kwa Kikerewe, ambao sisi tunaujua kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Kisa chenyewe ukikieleza kwa ufupi ni chepesi. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anakataa kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kuomba, anatozwa pombe, anailipa, anarudishiwa mkewe. Wanamwendea mganga Kibuguma, Bugonoka anatumia dawa, hatimaye anazaliwa mvulana Ntulanalwo, na baadaye msichana Bulihwali. Watoto wanakua, wazazi wanazeeka na kufa. Basi. Hakuna vita wala hazina iliyofichwa. Mwandishi aliyepoteza watoto wake mwenyewe aliwapa wahusika wake kile ambacho nyumba yake haikukipata, wala hakuweka hata mstari mmoja wa kujihurumia.

Ufundi wake uko katika namna anavyokwenda. Chukua ile pombe ya ndizi inayodaiwa ukweni. Mwandishi mwenye haraka angesema: akatengeneza pombe, akaipeleka, wakapatana. Kitereza hakubali. Anatuingiza migombani, anatusimamisha tuone ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, zinavyoachwa zichachuke. Nani ameitwa kusaidia, nani ana chombo, nani anaonja na kusema bado. Msomaji wa huku milimani, Meru au Kilimanjaro, aliyewahi kuona mbege ikipelekwa ukweni, ataelewa upesi kuliko mhakiki wa mbali. Pombe haiharakishwi. Ukiikosea siku moja, unaanza upya. Mume aliyeruhusu mke wake asimangwe analazimika kungoja, kuomba msaada wa majirani na kubeba mzigo mbele ya macho ya watu. Toba yote imo humo. Hakuna mhusika aliyesimama na kueleza maana ya msamaha, na huhitaji akueleze, kwa sababu umeona gharama yake.

Ndivyo alivyofanya kitabu kizima. Kulima, kusalimiana, kumpokea mgeni, kumuuguza mgonjwa, kumhudumia mzazi aliyejifungua, kuzika: kila jambo linapewa nafasi yake na muda wake. Miti ya dawa inatajwa kwa majina. Wapo wasomaji wanaochoka. Wanasema hiki si riwaya, ni daftari la mila lililopewa wahusika. Shutuma hiyo ina ukweli kidogo, maana Kitereza alitaka kwa makusudi kuhifadhi maisha aliyoyaona yakitoweka. Lakini soma tena sura za mwanzo, pale Myombekere anapobaki peke yake nyumbani bila mke. Kazi za nyumba zinaelezwa moja moja, na katika kila moja unaona pengo la Bugonoka. Habari za mila zinafanya kazi ya hadithi. Mwanamume huyo hasemi kwamba amemkumbuka mkewe. Jiko ndilo linalosema.

Mkatoliki anayekisoma kitabu hiki kwa mara ya kwanza huuliza swali la haki: imani iko wapi? Hakuna kengele, hakuna misa, hakuna mzungu mwenye kanzu. Kisa kimewekwa katika enzi za kabla ya wageni. Watu wake wanatambikia wahenga na kumwendea mganga, na Kitereza, mtu wa misheni tangu utotoni, hawakemei hata mara moja. Wala hawapambi. Anawaachia wivu wao, umbea wao na ulevi wao.

Jibu langu ni kwamba imani iko katika kile anachokiona kuwa cha thamani. Mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa yanasema kwamba mume na mke wameunganishwa, na kwamba kukosa mtoto hakuivunji ndoa. Kitereza aliyajua mafundisho hayo, na aliyaishi kwa machungu. Angeweza kuyaandika kama katekisimu. Badala yake aliyatafutia mashahidi miongoni mwa babu zake ambao hawakuwahi kusikia neno sakramenti, akaonyesha kwamba uaminifu wa mume kwa mke asiye na mtoto haukuletwa kwa meli. Huko ni kuwaheshimu wazee wake na kuiheshimu imani yake kwa pamoja, na ni wachache wa kizazi chake waliofanikiwa kufanya yote mawili bila kudanganya upande mmoja.

Njia yake si njia pekee. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alishika njia nyingine kabisa: aliichukua Injili yenyewe akaitungia utenzi, akazitungia utenzi na Zaburi, ili Neno liimbike kwa mizani ya Waswahili. Huyo alitamka waziwazi, na alitamka vizuri. Mbali huko Norway, Sigrid Undset aliandika kati ya 1920 na 1922 riwaya yake kubwa ya Kristin Lavransdatter, habari za mke, mume na wana wao katika karne za kale, kwa subira ileile ya kueleza nyumba, shamba na kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1924 akaingia Ukatoliki, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel. Undset aliishi kuiona heshima yake. Mwenzake wa Ukerewe hakubahatika hivyo.

Mswada wa mwaka 1945 ulikaa. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na hakupatikana mchapishaji wa kuubeba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika kisiwani na kumhimiza autafsiri kwa Kiswahili. Kitereza alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Akakaa chini akakiandika upya kitabu chake kizima katika lugha ya taifa, mwenyewe. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, kikapigwa chapa China. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi. Baadaye kikatafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota ikatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliye mzaliwa wa Ukerewe.

Ninakitaja kitabu hiki Elerai kwa sababu mambo yake hayajaisha. Jumuiya ndogondogo zinapokutana nyumba kwa nyumba, Injili ikishasomwa na sala kutolewa, zinakuja shida za watu: fulani amelazwa, fulani amefiwa, fulani hajamaliza ada. Yule dada aliyefunga ndoa miaka kadhaa iliyopita hatajwi, lakini wakati wa chai shangazi mmoja atamgeukia na kumuuliza, "Mwanangu, vipi, bado?" Naye atacheka, kwa sababu hana la kufanya zaidi ya kucheka. Mama mkwe hupiga simu kutoka kijijini kuuliza kuna habari gani, na nyumba nzima inajua ni habari ipi anayoitaka. Hospitali ya kisasa ipo, simu ipo, ndoa imebarikiwa madhabahuni, na masimango ni yaleyale aliyoyasikia Bugonoka. Mahubiri juu ya jambo hili tumeyasikia, mengine mazuri sana. Sijaona yaliyomfunga mdomo shangazi yule. Hadithi inayomweka ndani ya nyumba ya Bugonoka, aone matone ya sumu yanavyodondoka siku hadi siku kutoka vinywa vya watu wema, ina uwezo ambao mimbari haina.

Kwa hiyo kijana unayetaka kuandika habari za imani na familia, neno langu kwako ni hili. Usianze na fundisho, ingawa unalijua vizuri. Anza na nyumba moja unayoifahamu: nani huamka kwanza, nani huchota maji, nani hula mwisho, nani hajasemeshwa tangu juzi na kwa nini. Andika hayo kwa ukweli na kwa utaratibu, bila kumsukuma msomaji mgongoni. Waulize wazee wako majina ya vitu kabla hawajaondoka nayo. Ukikataliwa na mchapishaji wa kwanza, kumbuka kwamba Kitereza alingoja miaka 35. Na ukishamaliza, soma tena kila ukurasa ambapo padre anazungumza, ujiulize kama mume, mke au jirani hawajalisema jambo lilelile kwa matendo yao. Kama wamelisema, mwondoe padre. Hatakasirika.